Malalamiko Kuhusu Utajiri Wetu Uliogunduliwa na Ofisi Yako

Ronah Mbambu,
Bwera,
Wilaya ya Kasese.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mfuko wa Masomo wa Bonde na Mlima,
Kasese Mjini.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu, pamoja na heshima yote anayostahili mtu mwenye mhuri. Mimi ni binti wa Bwana Syahuka, mkulima, na Mama Marita, anayeuza maharagwe katika soko la Mpondwe. Nimemaliza kidato cha sita hapa Bwera na nimepata nafasi chuo kikuu kusomea uhandisi wa maji. Nisipofika na ada siku chuo kinapofunguliwa, nafasi hiyo atapewa mtu mwingine. Ndiyo maana niliomba msaada katika mfuko wako.

Jibu lako limetufikia. Linasema ombi langu limekataliwa kwa sababu "familia ina uwezo mkubwa". Niliwasomea wazazi wangu kwa sauti, nikiwatafsiria, maana liliandikwa kwa Kiingereza. Baba akaniambia nirudie. Nikarudia. Akatoka nje, akaizunguka nyumba yote, akaingia tena na kusema, "Huko nyuma hakuna kitu. Soma tena."

Mheshimiwa, sisi si watu wa kubishana na ofisi. Tumekubali kwamba sisi ni matajiri. Shida ni kwamba utajiri wenyewe unatusumbua, na ninaomba ruhusa nieleze kwa mpangilio.

1. Fomu. Fomu yako iliuliza kipato cha mzazi kwa mwezi. Baba hapati kitu kwa mwezi. Anapata kwa mavuno, na mavuno yanategemea mvua, ndege na bei. Nikaandika hivyohivyo. Karani wako akanirudishia fomu akisema, "Hapa tunataka tarakimu. Mvua haina nafasi." Basi nikamwomba baba anitajie mavuno, naye akanitajia yale mazuri kuliko yote, kwa kuwa ndiyo pekee anayopenda kuyakumbuka. Kwenye ardhi niliandika shamba la mpunga la Mubuku. Baba analikodi tu, lakini fomu iliuliza ardhi "inayolimwa na familia", na walimu wangu walinifundisha kujibu swali lililoulizwa. Kwenye mali inayohamishika niliandika mbuzi, maana mbuzi wetu huhama sana, hasa kuelekea mihogo ya watu.

2. Mkaguzi. Bwana Muniru, mkaguzi wako, alitupigia simu kwamba kesho yake atakuja kuiona nyumba. Hilo ndilo kosa lake la kwanza, na ninalitaja bila chuki. Ukimwambia mama yangu kwamba kesho kuna mgeni, ni kama umemwambia nyumba inaungua. Alikandika kuta upya kwa udongo. Alifagia uani, akafagia na njia mpaka barabarani, sehemu ambayo si yetu. Halafu akaenda kwa Yvette, jirani yetu aliyekimbia vita kutoka Butembo na sasa anauza vitenge hapa mpakani.

"Mama Ronah," Yvette alisema, "mugeni wa serikali hawezi ikala kwa kibao. Beba viti yangu yote. Na rideau pia, iko mupya." Akaleta viti vya sofa, kisha akatundika mapazia yake kwa mikono yake mwenyewe kwenye dirisha letu, ambalo halijawahi kuona pazia. Fundi redio wa jirani naye hakutaka kupitwa, akaleta televisheni. Umeme hatuna. Alisema televisheni ikiwa imezimwa, mgeni hawezi kujua kama imezimwa kwa kukosa umeme au kwa adabu.

Mimi nilijaribu, Mheshimiwa. Nilimwambia, "Mama, huyu mtu anakuja kuangalia kama sisi ni maskini." Mama alinijibu, "Ndiyo, aangalie. Lakini aangalie akiwa amekaa vizuri."

Bwana Muniru alikaa vizuri. Alipewa kuku na bundu, ugali wetu wa muhogo, akaongezwa, akakubali kuongezwa. Alipomaliza aliangaza macho chumbani akauliza, "Mama, hivi vyote ni vyenu?" Sasa mama yangu, mgeni akimuuliza hivyo, hawezi kusema kwamba ameazima hata kiti alichomkalisha. Alijibu, "Ni vyetu, baba, na ni vyako pia. Karibu sana." Bwana Muniru akaandika. Alipoondoka, baba alimfungia mkungu wa ndizi nyuma ya pikipiki. Mkaguzi akashuka, akaandika tena.

Saa kumi jioni viti vilikuwa vimesharudi kwa Yvette, na sisi tulikuwa tumesharudi kwenye mkeka. Ninachokilalamikia ni kwamba mkaguzi wako alikula kwa furaha akaandika kwa ukali. Kama angekula kidogo, labda tungekuwa maskini kidogo.

3. Kijiji. Jibu lako lilisema anayetaka kukata rufaa alete barua ya mwenyekiti wa kijiji inayothibitisha kwamba familia haijiwezi. Nilikwenda kwa mwenyekiti wetu, Bwana Jonan, mtu mwema anayenijua tangu nikibebwa mgongoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akashika kichwa.

"Ronah, mutoto yangu," alisema, "mwaka jana mimi niliandika ripoti, nikasema umaskini kijiji hii imeisha. Wakubwa walipiga makofi. Leo nikupe karatasi na mhuri, ati Syahuka ni maskini, si nitaonekana muongo?"

Nilimwomba anisaidie kwa njia nyingine yoyote. Alifikiri kweli, Mheshimiwa, sikuona dharau usoni mwake. Akasema, "Labda muhamie kijiji ya ng'ambo ya mto. Kule umaskini bado iko." Nilimuuliza kama tunaweza kuhamia kwa muda mfupi tu, mpaka rufaa isikilizwe. Aliahidi kumuuliza mwenzake wa ng'ambo kama bado wanapokea watu.

4. Chama cha akiba na mikopo. Hapo baba alipata wazo. "Wakubwa wa Kasese wamesema mimi iko na uwezo," alisema. "Wameandika, wamepiga mhuri. Basi mwenye uwezo anakopeshwa." Alivaa koti lake la kanisani, akaichukua barua yako ya kunikataa, akaipeleka kwenye chama cha mikopo kama ushahidi wa utajiri wake.

Ninapenda ujue kwamba barua yako ilifanya kazi nzuri. Afisa wa mikopo aliisoma, akasimama, akamwita baba "mzee", akaagiza chai. Baba alirudi nyumbani akitembea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwake. Lakini kabla ya kutoa mkopo ilibidi afisa aione nyumba, na huyu hakupiga simu. Alifika katikati ya mvua kubwa. Alimkuta mama akihamisha beseni kutoka chini ya tundu moja la bati kwenda chini ya tundu lingine. Mbuzi alikuwa ndani, kwa ajili ya mvua. Afisa alikalishwa kwenye kibao, maji yakamdondokea shingoni, akasogea, yakamfuata. Jibu lake lilikuja haraka kuliko lako: mkopo umekataliwa, familia haina uwezo wowote.

5. Hali ilivyo sasa. Mheshimiwa, nyumbani kwetu kuna barua mbili, zote zina mihuri, na mihuri yote ni ya kweli. Tukiomba msaada, sisi ni matajiri. Tukiomba mkopo, sisi ni maskini. Siku ambazo hatuombi chochote, hatujui sisi ni nani.

Kwa hiyo ninaomba mambo haya. Bwana Muniru na yule afisa wa mikopo wakutanishwe chumba kimoja, wafungiwe mpaka wakubaliane, na lolote watakalokubaliana sisi tutaishi nalo. Wasipokubaliana, wabadilishane ofisi: aliyetuona matajiri atupe mkopo, na aliyetuona maskini atupe msaada. Nalo likishindikana, basi ofisi yako, ambayo ndiyo iliyouona utajiri wetu, itume mtu aje atuonyeshe mahali ulipo. Baba ameshaizunguka nyumba. Tuko tayari hata kuchimba. Ukipatikana, tutalipa ada, tutaezeka bati jipya, na kinachobaki tutaurudishia mfuko wako ili uwasaidie maskini, kama wapo.

Kuna jambo moja ambalo sijui niliweke chini ya namba gani. Tangu barua yako ije, mtu akipiga hodi mama anasita. Zamani alikuwa anaitikia akiwa bado jikoni, kabla hajajua ni nani. Siku hizi anachungulia kwanza. Jana alikuwa ni dada yake tu kutoka Bwesumbu, naye alimchungulia.

Ninaona nimekuchosha, na mafaili mengine yanakusubiri. Unisalimie wanakamati wote. Msalimie karani anayependa tarakimu. Msalimie afande wa getini, aliyeniambia, "Wewe! Simama huko! Unatafuta nani?" nami kwa hofu nikamjibu kwamba ninatafuta uhandisi wa maji, akanielekeza chooni. Yvette anasalimu kwa Kifaransa. Bwana Jonan anasalimu, ila ameomba jina lake lisiandikwe popote. Na mwambie Bwana Muniru kwamba mama anauliza kama alifika salama na ule mkungu wa ndizi, maana barabara ilikuwa mbaya.

Ni mimi, tajiri wako mtiifu,

Ronah Mbambu

N.B. Nilikuwa bado natafuta bahasha simu ya karani wako ikaingia. Amesema Bwana Muniru alipita tena njia yetu bila kutuambia, akatuona tulivyo, akasimama mbele ya kamati akaomba faili langu lifunguliwe upya. Nimepewa ada yote, mpaka mwisho wa masomo. Mama alipiga vigelegele, Yvette akaja mbio akidhani kuna msiba. Kwa hiyo, Mheshimiwa, tafadhali futa namba moja mpaka tano. Ningeandika barua mpya ya shukrani, lakini karatasi zimekwisha.

Limebaki jambo dogo. Karani alisema majina yetu yatasomwa redioni Jumamosi, chini ya "familia zisizojiweza kabisa". Baba aliposikia hayo alisimama. "Nani hajiwezi? Mimi? Mimi iko na mikono, iko na shamba, nimesomesha mutoto mpaka kidato ya sita! Bwera yote isikie ati Syahuka hajiwezi? Waambie warudi, waangalie vizuri!" Nimemweleza kwamba tulikuwa tunalitafuta neno hilohilo miezi yote hii. Hataki kusikia. Amekaa nje na koti lake la kanisani na amesema hali chakula mpaka niandike.

Basi naandika. Ada tunaipokea kwa mikono miwili. Ila redioni, ninakuomba sana, mtangaze kwamba Bwana Syahuka wa Bwera alinyimwa msaada kwa sababu ya utajiri wake.