Malalamiko Dhidi ya Vijidudu wa Shambani kwa Shemeji

Mwandiga, Kigoma

Ndugu Mtaalamu wa Malisho, Bi. Diana,

Pokea salamu zangu. Mimi ni Thobias, mfugaji wa hapa Mwandiga, yule uliyemwambia mbele ya kikundi kizima kwamba shamba lake la majani linapendeza kwa macho tu. Nashukuru kwa heshima hiyo. Leo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, upige marufuku kilimo chako cha kuchanganya malisho, kwa sababu zifuatazo:

1. Hakina adabu. Mimi nimepanda majani marefu ya mabingobingo peke yake, mistari imenyooka, katikati huoni hata jani la kusingiziwa. Shemeji yangu Honorata, mjane wa marehemu kaka yangu, kwa ushauri wako amechanganya mabingobingo na ile mikunde inayotambaa, desmodiamu, hadi hujui nani kamkumbatia nani. Sisi ni familia yenye watoto.

2. Hakina ushahidi. Ulitufundisha kwamba mizizi ya aina mbalimbali hulisha vijidudu wa aina mbalimbali udongoni, na kwamba wale wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya mikunde hukamata naitrojeni ya hewani wakairutubisha ardhi, majani yakaongezeka. Hongera zao. Nimelima tangu utoto na sijaona kijidudu ameshika jembe. Je, wameandikishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji? Hapa kwetu hata mtu aliyezaliwa Ujiji huulizwa babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo lini, lakini hawa wamepewa shamba bila swali lolote.

3. Kinagombanisha ndugu. Honorata alipokwenda Ujiji kumzika dada yake, nilifanya linalompasa kila jirani, maana kwetu aliyefiwa hashiki jembe, shamba lake hupaliliwa na wengine. Nikapalilia. Niling'oa desmodiamu yote na mizizi yake, nikachoma moto, kisha nikafagia. Aliporudi, badala ya kunishukuru alikaa chini akalia. Mimi nikampa tena pole ya msiba.

4. Majani yake yamenikomoa. Zamani Honorata alikuwa akikata mzigo mkubwa kuliko wangu, na kipande chake hakifiki nusu ya changu. Baada ya usafi wangu, mabingobingo yake yalichipua mafupi, ya njano, kama yamesusa. Sasa huko sokoni Mwanga wanasema nimeua vijidudu. Bi. Diana, nitamuuaje mtu nisiyewahi kuonana naye?

5. Wazee wa ukoo walikaa, wakaamua kwamba aliyemaliza malisho ndiye alishe. Kwa hiyo ng'ombe aliyeachwa na kaka yangu, mwenye mimba kubwa, yuko zizini kwangu. Nampa mabingobingo yangu safi. Ananusa, ananitazama, kisha anageuza shingo kuelekea kwa Honorata. Mbavu zimeanza kuonekana na kiangazi kinakuja. Kaka hakuacha kingine cha maana zaidi ya ng'ombe huyu. Akifa mikononi mwangu sitakuwa na uso wa kumtazama shemeji. Hilo nalisema bila mzaha.

6. Basi naomba desmodiamu itangazwe kuwa gugu kuanzia hapa mpaka ufukweni. Vijidudu wote waitwe kwenye mkutano wa hadhara, wajitambulishe, na kwa kuwa wao ndio mabingwa, wapangiwe zamu ya kumkatia ng'ombe majani. Hewa nayo izuiwe kupita shambani mpaka ijulikane inapeleka nini kwa nani.

Nakutegemea kwa hatua kali. Wasalimie wenzako wote ofisini, msalimie na mama yako, na kama huko mna vijidudu, wape pole kwa kazi nyingi.

Wako katika usafi wa shamba,
Thobias

N.B. Marufuku hiyo naomba usiitoe kwanza. Honorata aliokota vipande vya desmodiamu kwenye kingo nilizosahau kupalilia, akaniletea, tukapanda pamoja shamba langu lote. Vimeshika. Jana nimeng'oa mmea mmoja nikakuta vinundu vidogo kwenye mizizi. Nilipopasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa chekundu kama nyama. Tafadhali panda bodaboda uje uniambie huo ni uzima au ugonjwa. Ng'ombe leo amegoma kusimama, na mimi sijui kingine cha kufanya.