Vipara Vyangu, Kona za Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Nitaingia uwanja wa mbio za magari, na nitamshinda Shemeji.

Ilianza jana mezani kwa baba mkwe. Shemeji ni mdogo wa kike wa mke wangu, daktari wa meno, mtu mpole anayeongea taratibu. Akataja, kana kwamba anataja hali ya hewa, kwamba siku hizi kila uwanja unapofunguliwa kwa watu wa kawaida yeye huenda na kigari chake cheupe, akakiendesha mpaka breki zinanuka. Baba mkwe akaacha kutafuna. Mzee yule hajawahi kuacha kutafuna kwa ajili yangu! Akamtazama binti yake, akanitazama mimi, muuza mapazia, kisha akarudi kumtazama binti yake.

Nikasema na mimi nitakwenda. Siku ya wazi ijayo ni Jumamosi ya tarehe 15. Mke wangu akaniongezea mchuzi, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

Shemeji hakucheka. Huo ndio ubaya wake: ni mwema. Alisema atafurahi sana, na nikitaka atanisaidia kuchagua magurudumu na matairi, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Nilimshukuru, nikakataa. Magurudumu yake nimeyaona. Madogo, meusi, membamba. Ya nini? Siri ya kasi iko wazi kwa kila mwenye macho: gurudumu kubwa. Kati ya twiga na kuku, nani ana hatua ndefu?

Jumatano, 5 Juni

Nimenunua! Rimu za rangi ya dhahabu, kubwa kama sinia.

Muuzaji wanamwita Mng'aro, na duka lake linastahili jina hilo. Nilijiona kila nilikogeuka, na kila nilikojiona nilikuwa mshindi. Aliuliza kama nimepima nafasi iliyopo chini ya madigadi. Nikamjibu kwamba nafasi hutafutwa na wenye mioyo midogo. Akasema hilo ni neno zito, akaandika risiti haraka sana.

Nilizificha dukani kwangu, nyuma ya majora ya vitambaa. Mke wangu akaja kutafuta kitambaa cha kijani, akavuta jora, rimu moja ikabingirika mpaka miguuni pa mteja. Nikasema ni pete za kuning'inizia mapazia ya ukumbi. Mteja akauliza ukumbi gani huo. Mke wangu akaiokota rimu, akairudisha nyuma ya majora. Tumeoana siku nyingi.

Ijumaa, 7 Juni

Zimefungwa. Gari limenyanyuka kama bibi aliyevaa viatu vya mjukuu wake. Linapendeza!

Tatizo dogo tu: halikati kona ya kulia. Nikizungusha usukani kulia, tairi linasaga madigadi kwa kelele za kusagia mawe. Kushoto, kwa sababu anazozijua Mungu peke yake, linakubali. Kwa hiyo nimerudi nyumbani kwa kona za kushoto tupu. Inawezekana. Nimeona mitaa ambayo sikujua ipo. Lango letu liko upande wa kulia. Nimelipita, nikazunguka, nikalipita tena. Jirani, mwalimu mstaafu wa jiografia, alitoa kiti nje kabisa, na kila nikipita ananipungia mkono.

Mng'aro amekubali nizirudishe, isipokuwa ile moja iliyokwaruzika. Hiyo nimeitundika dukani na pazia lake. Imekaa vizuri, kusema kweli.

Jumatatu, 10 Juni

Ujasusi. Nimechukua nafasi kliniki kwa Shemeji nikijifanya jino linauma. Mpango: nimchokonoe habari za matairi juu juu, nijue siri yake bila kuomba msaada. Mpango mzuri. Kasoro yake ni kwamba kwa daktari wa meno mgonjwa hachokonoi mtu. Anachokonolewa.

"Shemeji, panua," akasema. Akanijaza pamba. "Dada kaniambia habari za rimu. Sasa nisikilize, maana leo huwezi kunikatiza."

Akaanza. Gurudumu liwe dogo kadiri breki zinavyoruhusu, na liwe jepesi. Uzito unaozunguka unaulipia mara mbili, ukikimbia na ukifunga breki. Tairi liwe laini kiasi cha kuing'ang'ania lami, lakini mbavu zake ziwe ngumu lisijikunje kwenye kona. Upepo upimwe tairi likiwa la moto pia, upunguzwe, kwa kuwa joto huuvimbisha. Mifereji ya kupitisha maji iwepo, mvua haimuulizi mtu amekuja na nini. Zaidi ya yote, kaa na tairi moja mpaka ujue lugha yake. Tairi halitelezi ghafla kama watu wanavyodhani. Hulalamika kwanza. Dereva kazi yake ni kusikia.

Muda wote huo mikono yake ilikuwa inatembea kinywani mwangu bila kutikisika hata kidogo. Nikawaza: mikono hii ndiyo inayoshika usukani! Nilitaka kumwambia nimemvulia kofia. Nikasema, "Aaaah."

"Hasa," akasema.

Kumbe jino lilikuwa limetoboka kweli. Ameliziba, wala sikuhisi kitu.

Nimetoka nusu ya uso ina ganzi, nikitafakari. Mwanamke huyu ni hazina. Hilo sibishi. Na wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Kisheria si mkuu. Guu langu liko salama. Katika hotuba yote nimechukua neno moja lenye uzito: laini. Ikiwa laini ni nzuri, laini kuliko zote ni nzuri kuliko zote. Hesabu nyepesi!

Jumatano, 12 Juni

Nimepata vipara! Matairi halisi ya mashindano, hayana mfereji hata mmoja, yamekaa kwenye rimu ndogo nyepesi zinazoingia kwenye gari langu sawasawa. Aliyeniuzia ni mshindani wa zamani, ameacha mbio kwa ajili ya kiuno. Alisema ni ya lami kavu tu, yanataka kupashwa moto kwanza, na barabarani hayaruhusiwi. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama kidogo. Mapenzi!

Mke wangu akauliza mbona wenzangu hulipa faini kwa matairi vipara, mimi nayafuata kwa furaha. Nikamwambia yale ya wenzangu yamenyonyoka. Haya yamezaliwa hivi. Akasema hata wajomba zangu husema hivyo hivyo.

Binamu yangu ana lori la kubeba magari mabovu. Atanipeleka. Mke wangu akashauri tubebe na magurudumu ya kawaida, lolote laweza kutokea. Nikamweleza kwamba kubeba magurudumu ya ziada ni kuchimba kaburi kabla ya kuugua. Akasema basi yeye ataenda kwa gari la mdogo wake.

Jumamosi, 15 Juni

Niandike kila kitu kabla sijalala.

Njiani watu walinionea huruma. Ukikaa juu ya lori la magari mabovu, hakuna anayeamini kwamba gari lako ni zima. Askari wa barabarani alinipa pole. Tulipofika, baba mkwe alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti chake cha kukunja. Akauliza limeharibika hata kabla ya kuanza?

Mzunguko wa kwanza: matairi ya baridi. Kona ya kwanza gari likajizungusha polepole, kwa adabu, nikajikuta naangalia nilikotoka. Wasimamizi wakanipungia bendera. Nikageuka, nikaendelea kana kwamba ndivyo nilivyokusudia.

Kisha yakapata moto. Ah! Sijawahi kupanda kitu kama kile. Naelekeza jicho, gari limekwisha fika. Linaing'ang'ania lami kama mtoto mgongoni mwa mama. Nikampita mtu! Gari la kijivu. Ni kweli alikuwa anapunguza mwendo ili atoke uwanjani, lakini kupita ni kupita. Nikaona baba mkwe amesimama. Nikapiga kelele peke yangu ndani ya kofia ngumu.

Tone likaanguka kwenye kioo. Likafuata lingine. Wenye akili wakatoka. Mimi nikasema mzunguko mmoja tu wa mwisho.

Nikiwa upande wa mbali kabisa, mbingu zikafunguka. Kipara juu ya maji ni sabuni juu ya sabuni. Nikazungusha usukani kushoto, gari likaenda mbele. Nikakanyaga breki, gari likaenda mbele. Nikaita mama, gari likaenda mbele. Likavuka majani, likatulia lenyewe chini ya bango la bima. Hakuna kilichovunjika. Lakini nilikaa pale nimeshika usukani, nikaona kweli ningeweza kumwacha mke wangu na majora yale yote. Binamu akaja kunivuta. Safari hii lori nililistahili.

Wote walikuwa wameegesha. Mvua inapiga mabati ya jukwaa. Ndipo kigari cheupe kikaingia uwanjani peke yake.

Sijui niandikeje. Shemeji hakuonekana kufanya haraka. Alifika kwenye kona iliyonitupa, akaweka gari ndani yake kama anavyoweka pamba kwenye jino, likageuka na kutoka upande wa pili bila kumwaga hata chembe ya mwendo wake. Maji yanaruka nyuma mikia miwili. Kona inayofuata, vile vile. Wanaume waliokuja na magari ya kutisha wakasogea ukutani kutazama. Baba mkwe alinishika mkono bila kujua.

"Unamwona?" akaniuliza.

"Namwona, baba."

"Nilimfundisha baiskeli tu mimi," akasema, asiuachie mkono wangu.

Nilishangilia kuliko wote. Nimekauka koo. Sijali.

Aliposhuka alikuja kwangu moja kwa moja kuuliza kama nimeumia. Kisha akanikalisha kando yake garini mwake, tukazunguka polepole, akaniambia nifumbe macho nisikilize. Kwenye kona tairi likatoa mguno mdogo, kama mtu anayeamshwa mapema. "Umesikia?" Nikasikia! Wallahi nikasikia!

Kabla ya kuondoka akanipa magurudumu yake ya zamani, meusi, madogo, na matairi yake yenye mifereji. Yanaingia kwenye gari langu. "Shemeji, anza na haya," akasema. "Usibadilishe kitu mwaka mzima. Badilisha dereva."

Nimeapa mbele ya mke wangu na mbele ya baba yake.

Jumanne, 18 Juni

Magurudumu ya Shemeji yako ukutani sebuleni. Nimeyasugua, nimeyapaka mafuta, nimeyawekea taa. Kuyakanyagisha lami itakuwa utovu wa heshima. Baba mkwe alikuja jioni akayatazama kwa muda mrefu, akaomba kiti. Mke wangu akauliza gari litavaa nini.

Ameuliza swali la msingi. Nami nimelijibu: nimeagiza matairi ya mvua! Ya mashindano, mifereji mirefu mpaka kidole kinaingia. Somo la Jumamosi limeniingia damuni, hakuna atakayesema sisikii. Muuzaji alinionya kwamba kwenye lami kavu huyeyuka kama siagi, na kwamba siku ya wazi ijayo ni Agosti, wakati ambapo hata wingu halionekani.

Nilimsikiliza kwa makini. Tatizo lake ni kwamba anaitegemea mbingu. Kesho asubuhi naonana na mtu mwenye gari la maji.