Meza ya Vimulimuli

Jumatatu, 11 Juni 1979
Imefika! Meza ya mchezo wa mwanangu Fumie iko mkahawani mwangu, pale dirishani. Kioo juu, televisheni chini yake, tundu la sarafu ubavuni. Unatia yeni mia, unaongoza kijitumbwi, unakusanya vimulimuli gizani. Kawachora Fumie mwenyewe, nukta kwa nukta, kwenye karatasi ya miraba. Mimi niliishia darasa la sita, lakini tumbo hili limezaa mhandisi! Kampuni yao imetoa wiki moja ya majaribio. Jumamosi mkubwa wake, Bwana Tsukuda, atafungua kisanduku. Sarafu zikiwa chache, mchezo unatupwa. Fumie kaniomba nisifanye lolote. Masikini, hajui mama yake ana akili kiasi gani.

Jumanne, 12 Juni
Mvua. Nimeitandikia meza kitambaa cha lesi nilichofuma mwenyewe, kioo kisichubuke. Kama bibi harusi! Wateja wakaweka vikombe juu yake, mayai, magazeti. Hakuna aliyecheza. Jioni Fumie akauliza mchezo uko wapi. Nikafunua pembe, nikamwonyesha. Akakaa, akashika kichwa. Kazi zinamchosha mtoto.

Jumatano, 13 Juni
Ogino wa mkahawa wa ng'ambo ya barabara ana meza ya mchezo wa kutungua ndege. Imejaa watu. Kanipigia kelele toka chini ya mwavuli: "Dada Kuwata, vimulimuli wako wamelala?" Nikamjibu wa kwangu wana adabu. Iliniuma lakini. Basi, wazo! Watu hufuata watu. Nimemwalika Bi Nishiwaki, muuza achari, miaka sitini na tisa, vidole vyepesi ajabu. Kesho atacheza dirishani.

Alhamisi, 14 Juni
Kacheza! Toka saa nne asubuhi mpaka saa tisa, kwa sarafu moja tu, hakushindwa hata mara! Watu wamejaa hadi mlangoni, wanashangilia, wanangoja zamu, wanachoka, wanaondoka. Mwanga ukampanda bibi yule usoni, mvuke wa kahawa ukaelea, mvua ikateleza kiooni. Nikajiona mtoto tena, mtoni kwetu, miguu majini. Fumie akaninong'oneza: "Mama, sarafu moja?" Nikamwambia atazame umati.

Jumamosi, 16 Juni
Bwana Tsukuda kafungua kisanduku. Sarafu kumi na tisa. Akasema ataita gari la kuja kuichukua meza. Fumie akageukia ukuta. Kahawa ilikuwa bado inachuja, basi yule bwana akakaa, akatia sarafu yake. Akatia nyingine. Treni tatu za kumrudisha zikampita! Mwisho akasema mchezo hauna kosa, kosa linapika kahawa. Kaongeza wiki, kwa sharti moja: nisiiguse meza. Nikaapa. Fumie akaniapisha mara ya pili.

Jumapili, 17 Juni
Sijaigusa! Ila juu ya dari hakuna aliyenikataza. Kaka yangu kaleta toka kijijini vimulimuli wa kweli, mia mbili, kwenye kikapu cha wavu. Saa moja jioni nikazima taa, nikawafungulia. Lo! Mkahawa ukawa anga. Wateja wote nyuso juu, vinywa wazi, kahawa zimepoa. Hata Ogino kaja, kasimama kama mtoto. Meza imewaka peke yake dirishani, hakuna wa kuisumbua. Fumie akatazama dari, akatazama meza, akatazama dari tena. Akaenda kulaza kipaji cha uso kwenye kioo cha meza: furaha imemzidi. Nimempigia kaka simu: kesho alete mia tano.