Redio Yenu Imeharibu Kununiana Kwetu

Kolwezi, mtaa wa nyuma ya soko

Kwako Tata Mkurugenzi wa Redio,

Nakuandikia kwa heshima yote, nikiwa nimeketi, nimekunywa maji, na hasira nimeiacha ipoe kwanza. Mimi ni Godelieve Numbi, mwalimu wa darasa la nne. Mume wangu ni Mathieu, fundi wa pampu upande wa Kingamyambo. Malalamiko yangu yanahusu kipindi chenu cha saa kumi na moja jioni, ambamo mtangazaji wenu Jeancy huleta albamu anayoipenda siku hizo na kutugawia wimbo mmoja mmoja, Jumatatu hadi Alhamisi.

Ujue kwanza hali ya nyumba yetu. Baada ya Pasaka, wifi yangu Laure alikuja kututembelea kutoka Sandoa. Nilimpikia sombe, yale majani ya muhogo, tangu asubuhi. Mathieu akaonja, akasema mbele yake, "Sombe ya leo iko na muchanga." Laure akacheka mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo sikumwambia Mathieu neno, na yeye, alipoona sisemi, akanyamaza. Tulinuniana vizuri, kwa nidhamu, siku arobaini na tatu. Chumvi ikiisha niliandika mlangoni kwa chaki. Akitaka maji ya kuoga, aliandika chini yake. Mambo yalikwenda.

Ndipo mkatuingilia.

1. Jumatatu, Jeancy alileta albamu ya mzee mmoja mpiga gitaa wa Likasi. Jina lake silitaji, nisije nikamtangaza bure. Mathieu alikuwa na redio barazani, mimi nilikuwa jikoni. Wimbo ulipofika katikati akaiinua redio, akaiweka dirishani. Dirisha lile ni la jikoni, Tata. Huo ni uchokozi, na ulianzia kwenu.

2. Jumanne, Mathieu alisema kama mtu anayeongea na ukuta, "Ile saxophone iko nalia sawa muntu." Haikuwa saxophone. Nimefundisha miaka kumi na tisa, siwezi kuacha kosa lipite. Nikajikuta nimesema, "Haiko saxophone. Ni trompette." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yangu ya kwanza kwa mume wangu baada ya muda wote huo, na nimeyamaliza kwa tarumbeta.

3. Jumatano, umeme ulikatika wimbo haujaisha. Mathieu akakimbilia kwa jirani yetu Stany, mwenye redio ya betri. Nami nikakimbia, bila viatu, na unga mikononi. Tulisimama kwenye ukuta wa Stany tukisikiliza, mabega yamegusana kwa sababu mahali ni padogo. Kesho yake soko zima lilijua kwamba tumepatana. Ni uongo mtupu. Tulikuwa tunasikiliza tu.

4. Hili ndilo kubwa. Alhamisi, Jeancy alisema hewani, "Wimbo huu wa mwisho usiusikilize peke yako. Mwite mtu wa nyumbani mwako." Nani alimpa ruhusa ya kutupangia? Mathieu akaleta kiti cha pili. Nikakaa, kwa kuwa miguu iliniuma. Ulikuwa wimbo wa polepole, gitaa moja na sauti ya mzee asiye na haraka ya kwenda popote. Katikati yake Mathieu akasema bila kunitazama, "Godé, ile sombe haikukuwa na muchanga. Nilisema vile juu Laure acheke. Unisamehe."

Tata Mkurugenzi, jibu la siku hiyo nilikuwa nimeliandaa wiki sita. Lilikuwa refu. Lilimgusa yeye, likamgusa Laure, likawafikia na binamu zao wawili ambao hata hawakuwepo. Lote likaondoka kichwani. Nikasema tu, "Ngoja wimbo uishe." Ulipoisha yeye alikuwa analia, mimi nalia, na chakula cha jioni kinaungua.

5. Kwa hiyo naomba Jeancy ahamishiwe kwenye matangazo ya vifo, au aamriwe kuwagawia watu albamu asizozipenda. Naomba pia mtangaze mara tatu kwa siku kwamba Godelieve na Mathieu wa nyuma ya soko bado wamenuniana, ili heshima yangu irudi. Na kama hayo hayawezekani, basi nirudishiwe jibu langu, lote, pamoja na ile sehemu ya binamu.

Nikiamini kwamba utalishughulikia jambo hili kabla ya nyumba nyingine kuharibika namna hii, nawasalimu nyote: watangazaji wa asubuhi na wa jioni, fundi wa mitambo, Mama Micheline anayepokea barua mlangoni, na mlinzi. Jeancy pia, lakini kidogo.

Wako mwenye kulalamika,
Mwalimu Godelieve Numbi

N.B. Barua hii imechelewa siku tano mezani, na sasa Jeancy ameanza albamu nyingine. Jana Mathieu alichelewa kurudi kutoka kazini. Niliwasha redio, nikajaribu kusikiliza peke yangu, nikazima kabla wimbo wa kwanza haujafika nusu. Kuanzia Jumatatu atakuwa anafanya kazi mpaka jioni, mwezi mzima. Tafadhali, Tata, kipindi hakiwezi kusogezwa mpaka saa moja? Yeye atakuwa anafika saa kumi na mbili na nusu, na lazima kwanza aoge.