Makabati Manne Pengoni

Jumanne, 14 Novemba

Mkaguzi anakuja Alhamisi. Akishaondoka, bosi Kanemitsu atamtangaza mkuu mpya wa kitengo chetu cha kinga ya matetemeko: mimi au Hamasaki. Miaka kumi na tisa kwenye kituo hiki cha umeme wa nyuklia, halafu nishindane na mwanamke anayekaza hata nati za kiti alichokalia! Tatizo: ofisini kwangu kuna makabati manne ya chuma yasiyofungwa ukutani. Kuyafunga ni fomu saba na mihuri kumi na miwili. Nimewaza. Nimepata.

Jumatano, 15 Novemba

Kati ya jengo la ofisi na jengo la turbini kuna pengo. Liko tupu kwa makusudi: ardhi ikitikisika kila jengo hucheza ngoma yake, moja haraka, jingine polepole, na yasipoachiwa nafasi yatagongana. Najua. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Lakini nafasi yote ile, bure, miaka yote! Makabati yameingia kana kwamba yalipimiwa. Mgongo hoi. Hamasaki kauliza mbona ofisi imepanuka. Nikamjibu ni usafi tu, dada. Akasema, "Usafi wako una miguu, Bwana Tokuda. Sijui umeelekea wapi." Husuda!

Alhamisi, 16 Novemba

Ukaguzi. Kama ada, tulizunguka tukinyoosha kidole na kutaja kwa sauti kila tunachokiona. Bomba, sawa! Nguzo, sawa! Kwenye mlango wa pengo kidole kilinyooka chenyewe: Pengo, tupu! Niliita vizuri mno, mkaguzi hakuona haja ya kufungua. Bosi alinitazama kama mkwe mtarajiwa. Nimenunua tai.

Ijumaa, 17 Novemba

Saa nne asubuhi, tetemeko. La wastani tu. Ghorofa ya chini chai ilicheza vikombeni. Ya juu ilimwagika, maana juu ndiko jengo huyumba zaidi. Mitambo haikujali. Lakini pengoni! Mlio kama treni iliyokanyaga masufuria. Makabati yamebonyea, ukuta wa ofisi umechubuka, ufa umepanda hadi dirishani kwa bosi. Hamasaki akafungua mlango, akanyoosha kidole, akaita taratibu: "Kabati, la kwanza! Kabati, la pili!" Yote yana lebo yenye jina langu. Nikainama kuomba radhi mpaka nikaona magoti yangu. Bosi akauliza kanuni ya pengo iliandikwa na nani. Nikasema mwandiko unafanana na wangu.

Jumatatu, 20 Novemba

Mkuu ni Hamasaki. Kaniambia, bila kebehi hata kidogo (ndilo lililoniuma), kwamba ana hakika nimejifunza. Kweli nimejifunza! Adhabu yangu ni kuhamisha maboksi sitini ya fomu za zamani hadi ghala la ng'ambo ya kilima. Mvua inanyesha. Na pengo, lililosafishwa jana, liko hatua nane tu kutoka hapa. Kosa lilikuwa chuma. Karatasi ni laini. Jengo likiegemea, litadhani ni mto wa kulalia. Thelathini yameshaingia.