Barafu ya Moshi na Kiti cha Anti Phyllis

Jumatatu, Septemba 8

Leo naanza kuandika. Mtu anayekaribia kushinda aweke kumbukumbu, wasije watu baadaye wakasema alibahatisha.

Habari yenyewe ni hii. Anti Phyllis, mke wa Mjomba Leroy, amewekewa nyonga mpya na daktari amemkataza ngazi. Uwanja wa mpira wa Kimarekani wa Green Bay ni ngazi tupu. Kwa hiyo kiti chake, safu ya arobaini na nne, namba kumi na mbili, kiko wazi msimu mzima. Watu wa hapa Kewaunee huwaandikisha watoto kwenye foleni ya viti vya uwanja huo kabla hawajabatizwa. Mimi niliandikishwa nikiwa na siku nne. Kadi ya mwaka huu inasema niko wa 88,412. Nimepiga hesabu. Nitapata kiti nikiwa na miaka mia na thelathini, afya ikiruhusu.

Mjomba hana mtoto. Jana mezani kwetu alitangaza: Jumapili ijayo, saa nne asubuhi, watu wakishatoka Misa, yeyote mwenye damu ya ukoo wetu wa Wachal aje kwenye banda lake la gari na Blodi Meri yake. Si ile ya kila siku ya juisi ya nyanya na vodka. Anataka yenye moshi, iliyotengenezwa nyumbani, yenye chumvi na ukali wa kumwamsha maiti. Amekausha samaki kwa moshi miaka arobaini, na anasema nyanya bila moshi ni supu ya hospitali. Atakayemfurahisha ndiye atakayekaa kando yake uwanjani.

Wenye damu hiyo ni wawili. Mimi, na binamu yangu Dustin, mtoto wa marehemu Mjomba Vernon, aliyekulia Chicago akarudi mwaka jana na viatu vyeupe. Mama naye ni Wachal, dada wa Mjomba, lakini Mama ni Mama. Wakati tunaongea alikuwa anaosha vyombo, redio yake ikichambua kikosi.

Sijawahi kutengeneza Blodi Meri. Hilo si tatizo. Chuo cha ufundi niliacha wiki ya sita kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha.

Jumanne, Septemba 9

Zamu yangu kwenye kiwanda cha jibini imeisha saa nane. Saa nane na nusu nilikuwa nyuma ya nyumba mbele ya friji la marehemu babu. Halijaonja umeme tangu Mama akiwa msichana. Babu alilitoboa juu, akapanga nyavu za chuma ndani na sufuria ya makaa chini, likawa jiko la moshi. Kila nyumba ya maana hapa ina friji bovu la namna hiyo.

Nimemimina lita nne za juisi ya nyanya kwenye masinia, nikawasha kuni za mtufaha, nikafunga mlango. Nikaiacha humo saa mbili nzima.

Rangi nzuri. Harufu nzuri. Ladha ya samaki. Miaka yote ya samaki wa ziwani ilikuwa imekaa kwenye kuta za friji inangoja juisi yangu. Mama alionja kijiko kimoja, akafikiri, akauliza kama huyo samaki marehemu ameacha familia. Nikamwambia wapishi wakubwa huitafuta ladha hiyohiyo. Akasema basi waje waichukue, iko kwenye ndoo.

Nimesugua friji kwa magadi na siki mpaka jua limezama. Paka watatu wa jirani wananifuata kila niendako.

Jumatano, Septemba 10

Dustin amepita kusalimia. Ulikuwa upelelezi mtupu.

Amekuja na kifaa chake. Ni kifuniko cha mbao, ukubwa wa kisosi. Unakiweka juu ya glasi, unatia vumbi la mbao kwenye tundu, unalichoma kwa tochi ndogo ya gesi. Moshi unashuka kwenye glasi. Nusu dakika, kazi imekwisha. Akaniuliza, "Vipi profesa wa friji, unapika au unachoma takataka?" Nikamwambia huko Chicago wanafukiza hewa, sisi huku tunafukiza chakula. Akasema nikae karibu na televisheni Jumapili, atanipungia mkono kutoka safu ya arobaini na nne. Nilicheka sana. Alipokata kona nikaacha kucheka.

Halafu kuni zikaisha. Mtufaha wa jirani yetu, Bi Verna Blahnik, una tawi lililovuka ua likaja kwetu. Nikalikata. Bichi kabisa, na majani yake, na matufaha mawili. Nikaona ubichi ndio utamu, nikaliwasha chini ya juisi mpya na soseji chache.

Moshi uliotoka ulikuwa mweupe na mzito kama godoro. Ukavuka ua, ukatulia kwenye shuka za Bi Verna zilizokuwa kambani. Baada ya dakika kumi likafika gari la zimamoto. Ni watu wa kujitolea, nawajua wote, mmoja ni kinyozi wangu. Kinyozi akafungua friji, akakohoa, akasema kuni hukaa mwaka mzima zikakauka, hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Kisha akauliza kama zile soseji za wavu wa juu zina mwenyewe.

Soseji zimeondoka na gari la zimamoto.

Bi Verna naye amenikabidhi shuka nne nizifue kwa mkono. Amesema alinusa mto wake akasikia njaa.

Alhamisi, Septemba 11

Leo nimekuwa mtu mkubwa.

Kinyozi aliniletea kuni kavu, naona soseji zilimkaa vizuri. Nikawa natazama makaa, wazo likaja lenyewe. Kila mtu anafukiza nyanya. Nani anafukiza barafu? Nikaweka sinia la barafu ndani ya friji la babu.

Mama alisimama dirishani muda mrefu. Akaniuliza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, kama ninajua kwamba naweka barafu motoni. Nikamweleza. Barafu inayeyuka, maji yananywa moshi, nayarudisha kwenye friza yanaganda tena. Barafu ya kawaida ikiyeyuka kwenye glasi inakizimua kinywaji. Ya kwangu inakiongezea moshi kila dakika.

Mama akainama dirishani akachungulia sinia. Akasema, "Hiyo ina akili."

Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na tatu, sijawahi kusikia neno hilo likielekezwa upande wangu. Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Nimepata vipande arobaini, rangi ya chai nyepesi.

Ijumaa, Septemba 12

Msiba. Mama alikuwa na wenzake wa karata, na chai ya baridi, na friza ni ileile moja. Wamekunywa vipande ishirini na vinane. Bi Verna alisema chai ina ladha ya nyumba iliyoungua, kisha akaomba glasi ya pili. Nimelalamika. Mama amesema kilichomo kwenye friza yake ni cha nyumba. Vimebaki kumi na viwili, na kuni zilizobaki ni za kufukizia nyanya tu. Vitatosha. Mjomba ana koo moja.

Jioni tulikwenda kula samaki wa kukaanga wa Ijumaa ukumbini. Dustin alikaa karibu na Mjomba, kila sentensi "Ba'mkubwa hivi, Ba'mkubwa vile", anampitishia kachumbari ya kabichi kama mhudumu. Mimi nilikaa kimya natafuna, na kwenye kutafuna nikagundua siri.

Hapa kwetu Blodi Meri haijawahi kutoka peke yake. Lazima pembeni pawe na kiglasi kidogo cha bia. Kanisani, msibani, popote. Ukiuliza kwa nini, mtu anakutazama kama umeuliza kwa nini suruali ina miguu miwili. Sasa mimi nimefikiri. Bia inasafisha mdomo. Ikisafisha mdomo inaondoa moshi. Yaani nihangaike wiki nzima, halafu bia ije inisuuze? Nimeamua. Blodi Meri yangu itakwenda bila bia.

Nilimwambia Mama tukiwa njiani kurudi. Akasema, "Corbin, usimpe Leroy Blodi Meri bila kibia chake." Nikamwambia mazoea ndiyo adui wa sayansi. Akauliza sayansi gani, ile ya wiki sita?

Watu kama sisi hueleweka baadaye.

Jumamosi, Septemba 13

Mazoezi ya mwisho. Nyanya nilizikata nusu nusu, nikaziacha kwa saa mbili kwenye moshi wa kuni kavu. Safi. Chumvi, safi. Zeituni, safi. Matango ya siki, safi sana. Ule mzizi mkali wa kukuna unaotoa machozi sikuufukiza, una hasira za kutosha.

Jibini lilinisaliti. Nililipanga juu ya wavu kwa mstari mzuri, likalegea, likateremka lote kwenye makaa. Pakawaka. Nimeuzima moto kwa maji ya matango. Nyusi ya kushoto imebaki nusu.

Mama ameimalizia kwa penseli yake ya vipodozi. Ameipandisha juu mno. Upande mmoja nina sura ya kawaida, upande wa pili ni mtu aliyepewa habari sasa hivi. Nimemwomba airekebishe. Amesema ana nguo za kupiga pasi.

Jumapili, Septemba 14

Naandika yote kama yalivyotokea.

Saa nne banda la Mjomba lilikuwa limejaa. Mjomba na jezi yake ya kijani kwenye kiti cha kukunja. Anti Phyllis pembeni na mto wake wa nyonga. Majirani, kinyozi, Bi Verna. Mama alikuwa ndani jikoni kwa Anti Phyllis, nikadhani anakata mkate. Asubuhi nilikuta barafu zangu ni nane badala ya kumi na mbili. Nikadhani nimehesabu vibaya.

Dustin alitangulia. Kifuniko, vumbi, gesi, fuu. Watu walipiga makofi, lazima nikubali. Mjomba akanywa funda moja. Akatazama kushoto kwa glasi, akatazama kulia. Akaiweka chini. Akasema, "Kiko wapi?" Dustin akauliza nini, Ba'mkubwa? Mjomba akanigeukia mimi. Chicago imemharibu mtoto wa watu.

Zamu yangu. Glasi ndefu, chumvi ya moshi ukingoni mwa glasi, vipande vinne vya barafu, soseji na tango na zeituni kwenye kijiti. Mjomba akanywa, akafumba macho. Akanywa tena. Akasema pole pole, "Huu ni moshi wa friji la baba." Anti Phyllis akapangusa macho, ingawa huenda ilikuwa gesi ya Dustin. Moyoni nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti namba kumi na mbili, miguu nimenyoosha.

Ndipo mkono wake wa kulia ukaenda pembeni ya glasi. Ukapapasa meza, kama mtu anayetafuta miwani.

"Kibia changu kiko wapi, mjomba?"

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, hoja tatu: mdomo, moshi, suuza. Banda lote likanigeukia. Hata Dustin, ambaye cha kwake alikisahau tu, alinitazama kwa huruma. Mjomba akaniuliza sasa mimi nashangaa nini. Nikamwambia sishangai, ni nyusi.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama akaingia na sinia. Glasi moja ya Blodi Meri, ya juisi ya kopo, bila kijiti, bila mapambo, ndani yake vipande vinne vya rangi ya chai. Pembeni kiglasi cha bia, povu vidole viwili.

Mjomba akanywa nyanya, akanywa bia. Nyanya, bia. Alimaliza vyote. Kisha akauliza, "Dada Marcella, kumbe na wewe unakitaka kiti?"

Mama akaweka sinia chini. Akasema anakitaka tangu ana miaka tisa. Akasema baba aliwahi kumpeleka mara moja, theluji inaanguka, kamjazia magazeti kwenye viatu, timu ikafungwa, na hajawahi kupata siku nzuri kama ile. Halafu viti vikaenda kwa Leroy kwa kuwa ndiye aliyekuwa anaonekana anapenda mpira. Hakuna aliyemuuliza yeye. Aliyasema hayo yote kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni.

Mjomba akamgeukia mkewe. Anti Phyllis akasema, "Usinitazame mimi. Mimi nimekuwa nakungoja umuulize miaka thelathini, kila nikipanda ngazi zile."

Saa sita Mjomba na Mama waliondoka na pikapu. Mama alivaa koti la babu. Lilikuwa limepigwa pasi.

Mimi na Dustin tulitazama mechi sebuleni kwa Anti Phyllis. Kamera ilipita mara moja kwenye safu za juu, tukaona koti limesimama, mikono juu. Dustin akasema Shangazi anaonekana mdogo. Nikasema ndiyo. Tukamaliza bia iliyobaki, kila mmoja na kiglasi chake.

Jumatatu, Septemba 15

Nimelala, nimeamka, nimetafakari. Kwa haki kabisa, mshindi ni mimi. Barafu ilikuwa yangu. Mama kaongeza bia tu. Kwa hiyo siri yote iko kwenye bia. Na kama siri iko kwenye bia, na utamu uko kwenye moshi, mbona hakuna aliyewahi kufukiza bia?

Goti la kulia la Mjomba nalo haliko sawa. Nimeliona akiingia garini. Msimu ujao kutakuwa na kiti kingine, na safari hii wanikute tayari.

Makopo sita ya bia yako ndani ya friji la babu sasa hivi. Kuni kavu, makaa mazuri. Mlango nimeufunga kwa waya ili moshi usitoroke. Mama amepita na kikapu cha nguo, sauti imemkauka kwa kushangilia, akaniuliza kama makopo nimeyafungua kwanza. Nimemwambia moshi wenye nguvu hupenya bati. Amenitazama. Amemwita Bi Verna atoe shuka zake kambani, kisha akaingia ndani akafunga dirisha.

Kopo la kwanza limelia. Moshi umeanza kuingia.