Kuhusu Mwanafunzi Aliyenitoa Kwenye Benchi

Uweso Tahiri,
Fundi Baiskeli,
Ngamiani, Tanga.

Kwa Muuguzi Mkuu,
Wodi ya Wazazi.

YAH: KUPINGA KURUDI KWA MWANAFUNZI SHAHD

Mheshimiwa Mama, shikamoo.

Nimesikia kwamba Shahd, yule mwanafunzi wa uuguzi aliyetoka Maskati mwaka juzi kuja kujitolea wodini kwako, amerudi tena. Kwa heshima na taadhima, napinga. Sina ugomvi na bibi yake, mzaliwa wa Pangani, aliyemfunza Kiswahili kizuri hivyo. Ugomvi wangu ni na yeye mwenyewe, na sababu ni hizi:

1. Alinitoa kwenye benchi. Benchi lile la nje, chini ya dirisha la dawa, ni letu wanaume tangu zama za babu zetu. Mwanamume hukaa pale na chupa ya chai na furushi la kanga, akasema kuzaa ni kazi ya wanawake, na habari huletewa na mkwewe. Siku ile mke wangu Zuwena alikuwa ndani, na mkwe wangu, Bi Mwatumu, alikuwa amekwenda nyumbani kufuata uji. Shahd akatoka, akauliza nani amekuja na Zuwena. Badala ya kungoja uji, akaniambia nivue viatu niingie. Hivi hakuna aliyemwambia kwamba huku kwetu baba huambiwa mwisho?

2. Alinipa kazi. Mikono yangu ni ya grisi. Alininawisha kwa sabuni mara tatu, kisha akanionyesha pa kumkanda Zuwena kiunoni, nami nikakanda. Tangu hapo sina raha kibandani. Juzi Sele, tunayefanya naye kazi, alisema mkewe mja mzito anadeka tu. Nilimjibu kwa ukali mpaka mteja akachukua baiskeli yake haijajazwa upepo.

3. Alinifedhehesha mbele ya mkwe. Bi Mwatumu ni mtu ambaye kwa adabu zetu nampisha njia na simtazami usoni. Alirudi na uji wake akanikuta pekupeku, kanga ya mwanawe begani, nalia kwa sauti. Heshima imeharibika kabisa. Sasa ananiita mwanangu, na minofu ananitengea mimi kabla ya wanawe wa kuwazaa.

4. Hili ndilo kubwa. Mtoto alizaliwa miezi haijatimia. Mlifanya yote mliyoweza, sina lawama. Lakini Shahd, badala ya kuniacha nje mpaka mambo yaishe, alinipakatisha mtoto mikononi, akasema nimwadhinie mimi mwenyewe, nisimngoje Shekhe. Nikamwadhinia. Nikamwita Amjad. Aliishi saa moja na robo.

Angeniacha kwenye benchi, Mama, ningekabidhiwa sanda, ningezika, watu wangenipa pole, na kazi ingenisahaulisha. Sasa sisahau. Najua kidole chake kidogo cha mguu kilipanda juu ya mwenzake, kama cha marehemu baba yangu. Najua alinishika gumba. Mtu aliyekuja kwa wiki sita ana haki gani ya kumwachia mwenzake jambo la maisha yote?

Kwa hiyo naomba Shahd arudishwe kwao kwa heshima, benchi lipakwe rangi, na mlango wa wodi ukomewe kwa ndani kila anapokaribia mwanamume, mimi nikiwa wa kwanza kuzuiwa.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini, na yule mama mfagiaji aliyeniletea maji ya kunywa bila kuniuliza kitu.

Wako mtiifu, ingawa nalalamika,

Uweso Tahiri

Tanbihi: Barua hii nilitaka kumpa mtu ailete, lakini imebidi niilete mwenyewe. Zuwena ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, na safari hii miezi imetimia, alhamdulillahi. Tulipomuuliza Bi Mwatumu kama ataingia naye, alichukua chupa ya chai na furushi la kanga, akaenda kukaa kwenye benchi. Tafadhali mwambie Shahd viatu nimeshavua, na mikono nimenawa mara tatu.